Keyateka Asiyebisha Hodi

Nilifika Eastlands nikiwa juu ya lori la mbuzi. Mbuzi walikuwa chini, wamebanana, na sisi abiria tulilala juu ya vyuma vilivyopitishwa kutoka ubavu mmoja wa lori hadi mwingine, kila mtu amejifunga shuka kichwani kwa sababu ya vumbi. Tulikuwa tumetoka Moyale. Kule nilikuwa nimefanya kazi ya kupanda minara ya simu, kukaza nati na kubadilisha nyaya, mpaka aliyetuajiri akahama bila kutuaga. Nilipanga kushukia Isiolo. Nimewahi kuishi Isiolo, nimewahi kuishi Kitale, Voi na Malindi, na kila mahali nilipoondoka nilianza kupatamani kabla hata sijafika ninakoenda. Lakini Isiolo dereva alisimama kwa chai tu, mvua ikaanza kunyesha, nikaona afadhali nibaki na joto la mbuzi. Maisha yangu yameamuliwa hivyo mara nyingi, na mvua au kitu kidogo kama hicho.

Asubuhi lori lilifunguliwa mlango Kiamaiko, na mbuzi wakateremka mbio kama wanaoenda sherehe. Mimi nilishuka polepole, miguu imekufa ganzi. Nilitia begi begani nikatembea, nikaiacha Mathare upande mmoja, nikapita Eastleigh maduka yakiwa bado yamefungwa, mpaka nikafika Ziwani. Huko ndiko nilikokulia. Baba alikuwa mtu wa reli, na tuliishi katika moja ya zile nyumba za zamani hadi nilipomaliza kidato cha nne. Nilisimama mbele ya mlango wetu. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu. Mama mmoja alitoka na beseni la nguo, akaniangalia kuanzia viatu.

"Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Tuliishi hapa zamani."

"Wote husema hivyo."

"Wote akina nani?"

"Watu wa kusimama mbele ya nyumba za wenyewe na mabegi," alisema, akaanza kuanika nguo.

Nilipata chumba karibu na hapo, na baada ya kuhangaika kidogo nikapata kazi Eastleigh. Ilikuwa ofisi ndogo katika ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Mwenyewe alikuwa kijana wa papo hapo mtaani, mdogo kwangu kwa miaka mingi, aliyesoma mambo ya kompyuta chuoni na kurudi kufungua biashara kati ya watu wake. Aliniuliza kama nimewahi kushughulika na klaudi, lile wingu la kompyuta.

"Nimepanda minara," nilimwambia.

"Basi uko karibu nayo, mzae," alisema akicheka, na siku hiyo hiyo akanipa meza na simu ya kupokea malalamiko ya wateja.

Kazi yetu ilikuwa kuwawekea wafanyabiashara maduka yao kwenye mtandao. Picha za bidhaa, maagizo, jumbe za wateja, vyote vilikaa katika mitambo ambayo haikuwa yetu wala haikuwa hapo. Ilikuwa ng'ambo, na bosi aliikodi kwa mwezi kama mtu anavyokodi chumba. Kila duka lilikuwa programu iliyofungashwa ndani ya kitu walichokiita kontena. Usiwaze kontena la bandarini. Hili halina bati wala uzito. Ni programu tu, pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, imefungwa fungu moja. Uzuri wake ni kwamba likikwama, mtambo unaliua na kuzindua lingine papo hapo, na mteja hatambui. Ubaya wake ni kwamba likifa linakufa na kila kilichomo. Lile jipya linazaliwa halikumbuki chochote. Kwa hiyo kitu cha kubaki, iwe picha au sauti, lazima kiwekwe nje yake, katika stoo, na kila kontena linapozaliwa lipewe ufunguo wa chumba chake humo.

Nilichukua muda kuelewa hivyo, na nilipoelewa nilisikitika. Kabla ya minara niliwahi kufanya kazi katika kibanda cha kanda za muziki, karibu na Muthurwa. Kanda ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ikikwama uliizungusha kwa kalamu, ikikatika uliiunga kwa gundi. Hapa nilikuwa nachunga vitu vya watu ambavyo sikuweza kuvigusa wala kusema viko wapi.

Tabu yetu ya kwanza ilikuwa vyumba kujaa. Mtu akipakia picha nyingi chumba kinajaa, duka linaganda, na simu yangu inaanza kulia, mtu ananiita kwa Kisomali.

"Waryaa! Duka yangu imelala tena!"

"Chumba chako cha stoo kimejaa, mama."

"Sasa mimi nilale pia? Ongeza!"

Kuongeza kulifanywa kwa mikono. Ilibidi bosi asimamishe duka, atengeneze chumba kikubwa zaidi, ahamishe mizigo, alishikishe kontena ufunguo mpya, kisha liamke. Bosi akiwa msikitini au kwenye foleni ya benki, duka lilibaki limelala na mimi nikatukanwa kwa lugha tatu. Tena kulikuwa na vyumba vya watu walioacha biashara kitambo. Makontena yao yalishakufa lakini vyumba vyao vilikuwa bado vimejaa, tukivilipia kila mwezi kama wapumbavu.

Ndipo bosi alipoleta mfumo wa kusimamia stoo bila mkono wa mtu. Kontena likihitaji chumba, mfumo unakitengeneza. Kikikaribia kujaa, unakipanua. Unapiga nakala ya kila kilichomo kila siku. Na chumba kikikaa siku tatu bila kontena lililokishika, unahesabu kwamba mwenyewe amehama, unakifagia na kukirudisha kwa waliotukodisha. Ofisini tukauita Keyateka, kwa sababu katika ploti zetu, zile nyumba za kupanga, hiyo ndiyo kazi ya keyateka. Anakupa ufunguo, anapokea malalamiko ya maji, na ukipotea bila kuonekana anafungua mlango na kutoa vitu vyako nje.

"Lakini keyateka wa ploti hubisha hodi kwanza," nilisema siku hiyo.

"Huyu hana mkono wa kubisha," bosi alijibu. "Tulia, mzae. Hii kitu inajisimamia yenyewe. Sasa utakunywa chai kama mtu."

Kweli nilikunywa chai. Simu zilipungua. Kulikuwa na kioo ukutani kilichoonyesha hali ya stoo, na kila chumba kilikuwa na taa yake ya kijani. Nilikaa nikitazama taa za kijani mpaka nikaanza kuwaza Malindi. Mtu kama mimi akikosa la kufanya huanza kufungasha kichwani.

Aliyenifanya nisiondoke wakati huo alikuwa mteja mmoja, mama wa duka la madira katika ghorofa ya chini ya jengo letu. Alikuwa mzaliwa wa Eastleigh. Mama yake ndiye aliyekuja, mkimbizi wa Kisomali, miaka ya vita, na ndiye aliyeanzisha duka hilo akiwa na mkasi na meza ya kuazima. Marehemu huyo alijulikana mtaani kote kwa dira la harusi. Alilikata bila karatasi wala futi, akilipima kwa shubiri za bibi harusi mwenyewe, na lilivyoanguka kutoka mabegani hakuna aliyeweza kuiga. Hakujua kuandika. Alipoanza kuugua, binti yake alimwekea simu mezani akamwagiza aseme kila anachofanya, na kwa muda wa karibu miaka miwili yule bibi alisema. Alisema dira la hariri, dira la kitambaa cha kuteleza, dira la msichana mnene, la msichana mwenye bega moja chini.

Bosi alimshauri mama huyo aziweke rekodi zote katika chumba chake cha stoo, ndani ya duka lake la mtandao, ili mafundi wake wazisikilize wakiwa kazini. Mimi ndiye niliyetumwa kuzihamisha kutoka kwenye simu zake. Nilikaa kwenye stuli kati ya majora ya vitambaa, nikazisikiliza moja moja ili nizipe majina. Nusu ilikuwa Kisomali na sikuelewa, nusu Kiswahili.

"Usikate!" bibi alifoka katika rekodi ya kwanza. "Unakimbia wapi na mkasi? Kitambaa hii bado inalala. Tundika kwanza. Iache ianguke yenyewe, ndio ujue inataka kwenda wapi."

Nyuma yake zilisikika honi, watembezaji wakiita bei, na mara moja adhana, ambapo alinyamaza mpaka ikaisha halafu akaendelea pale pale alipoachia.

"Alikuwa mkali," nilisema.

"Hapo amefurahi," binti yake alinijibu. "Ngoja usikie ya shingo."

Tulipomaliza, simu moja alimpa mpwa wake ikafutwa yote yaliyokuwamo, nyingine ilikuwa tayari inazima yenyewe. Bosi alimhakikishia kwamba huko ziliko ziko salama kuliko mfukoni. Kuanzia hapo, nikishuka kwenda kula, nilizisikia zikichezwa dukani, ile sauti ya kufoka kati ya vyerehani, na mafundi wakicheka. Fundi mkuu, mama wa Kakamega aliyefanya kazi na marehemu tangu usichana, alikuwa na desturi ya kuijibu sauti hiyo. "Nimesikia, bibi, nimesikia," alisema, mkasi juu.

Sasa nieleze jambo la kufunga, kwa sababu ndilo lililotuponza. Eastleigh, swala ya Ijumaa ikifika, mageti ya maduka yanateremshwa, na hakuna kuuziana mpaka watu watoke msikitini. Wateja wetu walipopata maduka ya mtandaoni walianza kulalamika kwamba maagizo yanaingia wakiwa kwenye swala. Walitaka duka la mtandao nalo lifungwe. Mahali pengine, nadhani, mtu angebandika tangazo tu la kusema tumefunga. Lakini watu wetu hawakutaka tangazo. Walitaka geti literemke. Bosi, ambaye baba yake aliuza viatu katika mtaa huo huo, aliwaelewa vizuri mno. Alitengeneza kitufe kimoja cha kufunga. Ukikibonyeza, makontena yote ya wateja wa Kiislamu yanauawa kwa pamoja. Watu wakitoka msikitini, unakibonyeza tena na yote yanazinduka. Wateja walifurahi sana. Mzee mmoja wa mazulia alikuja ofisini kwa makusudi aone kitufe chenyewe, akakitazama kwa heshima.

Kila Ijumaa vyumba vilibaki bila kontena kwa muda mfupi, na Keyateka hakujali. Muda mfupi si kuhama.

Kisha ikaja Idi. Mwaka huo mwezi ulileta ubishi wake wa kawaida. Wengine walifuata habari za mwandamo kutoka ng'ambo, wengine wakasema hawafungui mpaka uonekane kwetu. Nilikuwa ofisini jioni hiyo ya Alhamisi simu zikiingia.

"Nifungie leo, sisi tunaswali kesho."

"Sisi bado tunafunga, kwetu ni keshokutwa. Usifungue kabla yetu, watu watasema tunauza siku ya Idi."

Bosi alikuwa na kitufe kimoja kwa wote. Aliamua kuheshimu pande zote mbili: akafunga mapema kwa ajili ya wale wa kwanza, na akaagiza tusifungue mpaka wale wa mwisho wamalize kutembeleana. Baadaye ikaja Jumapili, siku ambayo ofisi haifunguliwi. Mtaa ulinukia pilau na udi, watoto wana nguo mpya, na maduka yote, ya bati na ya mtandao, yamelala. Siku ya tatu ikapita. Keyateka akahesabu, akaona vyumba visivyo na watu, akafanya kazi yake.

Jumatatu asubuhi bosi alibonyeza kitufe. Makontena yakazinduka yote. Kila moja liliomba chumba, na Keyateka, mtiifu kama kawaida, akalipatia kila moja chumba kipya, safi, kitupu. Ukutani taa zote zilikuwa za kijani. Sijawahi kuona kioo kile kikipendeza kama asubuhi hiyo.

Simu ya kwanza ilitoka chini.

"Waryaa, mbona duka yangu haina kitu?"

"Haina kitu gani, mama?"

"Haina kitu chochote. Naita wewe uje uone."

Bosi alikuwa amesikia. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la sikukuu. Aligeukia kompyuta yake akaanza kutafuta, na tabasamu likaondoka polepole. "Nakala ziko," alisema. Akatafuta nakala. Ilikuwa hivi: nakala za kila chumba zilihesabiwa kuwa sehemu ya chumba hicho, kwa hiyo mwenyewe akihama, nazo zinatupwa. Hilo lilikuwa limeandikwa katika mipangilio, mstari mmoja tu, na hakuna aliyeufikiria kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Aliwaandikia waliotukodisha. Jibu lilirudi upesi, la mashine, likisema ombi letu limepokewa na limefungwa kwa sababu chumba kinachotajwa hakipo. Aliandika tena. Jibu likawa lile lile, na safari hii lilituuliza kama tumeridhika na huduma.

"Andika hatujaridhika," nilisema.

"Niandikie nani?" bosi alinikemea. "Unaona mtu hapa?"

Wateja wengine walikuwa na picha zao kwenye simu, wakazipakia upya huku wakilaani. Mzee wa mazulia alisema Mungu ndiye mpaji. Lakini yule mama wa madira hakuwa na mahali pa kuzitoa tena zile rekodi. Tena msimu wa harusi ulikuwa ndio unaanza, maana baada ya Ramadhani ndipo watu huoana. Binti wa familia moja ya zamani, ambaye mama yake na shangazi zake wote walivikwa na marehemu, alikuwa ameagiza dira la aina ile ile. Kitambaa kilikwishanunuliwa, na kilikuwa kimetundikwa dukani.

Bosi alitaka amtumie ujumbe wa kuomba radhi. Nilimwambia tunakaa jengo moja, ngazi zipo. Alisema ana simu za kupokea. Nikashuka peke yangu.

Mama wa madira alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kukatia, mikono imeegemea ubao. Mafundi walikuwa wamezima vyerehani.

"Nani amefuta?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni mtambo."

"Mtambo ya nani?"

"Wetu."

"Basi ni nyinyi."

"Hakuna aliyebonyeza kufuta. Ulikuwa umeagizwa utoe vyumba visivyo na watu."

"Mama yangu si mtu?"

Ningeweza kumweleza habari za kontena na ufunguo, na za kitufe ambacho yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokiomba. Maneno hayo yote yalikuwa kweli na hayakufaa kitu.

"Miaka yote hii," alisema, "mtu akiniharibia kitu najua mahali pa kwenda. Dobi akichoma nguo naenda kwa dobi, namgombeza, anashika kichwa, tunaisha. Wewe unaniambia hakuna mtu. Sasa mimi nigombeze nani? Nigombeze hii simu?"

"Nigombeze mimi," nilisema.

"Wewe!" Alicheka bila furaha. "Wewe ni mtu wa kupokea simu."

Wiki hiyo niliitumia kuzunguka. Nilimtafuta mpwa aliyepewa simu, akanionyesha michezo yake. Niliwauliza mafundi walioacha kazi kama waliwahi kutumiwa rekodi. Mmoja, aliyehamia Pumwani, alikuwa nayo moja. Niliikimbiza dukani kama mtu aliyebeba dawa. Tuliisikiliza wote tumeinama juu ya meza. Ilikuwa ni bibi akimwuliza mtu nje kama viazi vimepikwa. Binti yake aliirudia kuisikiliza, akaniambia asante, akaingia nyuma ya pazia na kukaa huko kitambo.

Kisha akaamua kukusanya walichokumbuka. Aliwaketisha mafundi na fundi mkuu kuzunguka kile kitambaa, na niliombwa niwe hapo nirekodi kwenye simu. Haikwenda mbali.

"Bega kwanza," alisema mama mwenye duka. "Anapima shubiri tatu kutoka kwa mkunjo."

"Si tatu," fundi mkuu alikataa. "Tatu ilikuwa ya pamba. Hariri ni mbili na vidole."

"Vidole ngapi?"

"Vidole vyake. Vyangu ni vinene."

"Wewe umekaa na yeye miaka yote hiyo hujui vidole ngapi?"

"Na wewe ni mtoto wake! Kila siku ile sauti ilikuwa inasema, kwa nini mimi nishike kichwani? Tangu mletee sisi ile mashine nimeacha kukumbuka. Nilikuwa namwitikia tu."

Nilizima simu.

Niliporudi juu nilimkuta bosi amefurahi kwa mara ya kwanza tangu Idi. Alikuwa ameongeza muda wa Keyateka, kutoka siku tatu hadi mwezi mzima, na ametenganisha nakala na vyumba. Alinionyesha. Ilikuwa kazi nzuri, sikatai, na ilikuwa ni dakika chache tu za kuandika mistari miwili. Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda kwelikweli. Yote yale yangezuiwa na mistari miwili.

"Sasa kuna kitu nataka unisaidie," alisema. "Yule mama wa chini wewe anakuskiza. Mwambie arudi. Chumba chake kiko, nimekipanua bure. Aanze tu kuweka vitu."

"Aweke nini?"

"Chochote. Ripoti inaonyesha chumba chake ni kitupu, inaharibu sura. Hao wengine wote wamejaza."

"Umeshuka kumwona?"

"Mzae, nikishuka nitasema nini? Nimeshatengeneza."

"Ungeshuka akugombeze. Hilo tu ndilo analotaka."

"Anigombeze ndio irudi?"

"Hairudi."

"Sasa?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Alifungua mikono, akanitazama, kisha akatazama kioo ukutani kama kwamba kingenijibu kwa niaba yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuguza mara moja nikiwa na malaria, na nilikula kwake futari mwezi mzima. Lakini alikuwa amepata njia ya kukosea bila kuwapo, na haikumwingia akilini kwamba kulikuwa na kitu kingine cha kutengeneza chini, dukani, ambacho hakikuhitaji kompyuta. Nilibishana naye kwa siku kadhaa, hata katikati ya kazi, mpaka akaacha kuniita mzae akaniita kwa jina. Simu zikawa chache zaidi. Mfumo ulifanya kazi vizuri kuliko zamani, na kila nilipokaa mbele ya zile taa nilihisi kama askari wa kulinda jengo ambalo halina mlango. Siku moja nilivua ile waya ya masikioni niliyopokelea simu, nikaiweka mezani, nikamwambia naenda.

"Unaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Utarudi?"

"Sirudi."

Alisimama, akanipa mkono, akanishika bega. Simu yangu ikaanza kulia mezani. Tuliiangalia wote wawili, na yeye ndiye aliyeipokea.

Nilipita dukani na begi langu. Mama alikuwa peke yake mezani. Fundi mkuu alikuwa pembeni anakunywa chai, amegeuza kiti ukutani, na hakunijibu salamu. Kile kitambaa cha hariri kilikuwa kimeteremshwa. Bibi harusi alikuwa anakuja kujipima siku hiyo, na kusubiri zaidi hakukuwezekana.

"Unasafiri," alisema akiona begi.

"Nasafiri, mama."

"Kwa sababu ya sisi?"

"Kwa sababu yangu."

"Tajiri yako hajashuka."

"Najua."

"Mwambie..." alisema, halafu akapunga mkono kuifuta sentensi. "Basi. Weka hiyo begi chini. Shika hapa."

Nilishika ncha ya kitambaa. Kiliteleza, nikakishika tena kwa mikono miwili. Yeye alikunja upande wake, akaweka kiganja juu ya mkunjo, akatembeza shubiri moja, ya pili, kisha akasimama. Alijaribu vidole viwili. Akajaribu vitatu. Aliinua macho kumtazama fundi mkuu, na fundi mkuu, bila kugeuka vizuri, alisema kwa sauti ya chini, "Mimi sisemi. Nikisema na ikose, utanilaumu."

"Sema. Nitakulaumu."

Fundi mkuu aliweka kikombe chini, akaja, akasukuma kidole cha mwenzake upande kidogo sana. "Hapo. Nafikiri hapo."

"Unafikiri au unajua?"

"Nafikiri."

Mama wa madira alishusha pumzi, akachukua mkasi, akaniambia, "Wewe vuta, usilegeze." Nikavuta. Akakata kwa mkato mmoja mrefu, bila kusimama, na kipande kikaanguka upande wangu.

Hawakukitazama mara moja. Mimi niliokota begi langu, nikawaaga, na wao wakanijibu bila kuinua vichwa, kwa sababu walikuwa tayari wameanza kubishana juu ya shingo.